Igizo dhima mtandaoni: WhatsApp, Moodle au Zoom?

MwalimuMbale: Habari za kazi, walimu. Nataka wanafunzi wajadili bomba la mafuta la Hoima, hapa Uganda, hadi Tanga, Tanzania, kila mmoja na dhima yake, mtandaoni. Nitumie lipi? Shule inanunua bando Ijumaa.

Chaki: Wanafunzi wangapi, mwalimu? Wana simu, au ni kompyuta za maabara? Bila hayo tunabahatisha.

DadaJinja: Zoom ya bure hukatika dakika 40, watu ndio kwanza wamechangamka. Chukua Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni), jukwaa lake la Maswali na Majibu: mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aweke lake na muda wa kuhariri upite, kwa kawaida dakika 30. Wanyonge hawamfuati tena mwenye maneno mengi.

Masaka_1: Moodle inataka mtu wa kuiangalia. WhatsApp kila mtu anaijua, na ujumbe wa sauti hufika hata mtandao ukisuasua.

DadaJinja: Na namba ya mtoto je? Anaandika kama mhandisi, "familia hizi zihame", mwenzake anapiga picha ya skrini, kadi ya dhima haimo. Jioni picha iko kwa wazazi, chini ya jina la mtoto. Ukikosa njia nyingine, kila ujumbe uanze na [MHANDISI] au [MKULIMA WA KIKUUBE] (wilaya inayopitiwa na bomba), na usiokuwa nayo ufutwe papo hapo.

Masaka_1: Hilo nakubali. Ila bomba liko mbali na Mbale. Mailo (ardhi ya Buganda yenye hati ya kudumu) na kibanja (shamba la anayekaa juu ya ardhi hiyo bila hati) ndiyo mada yenye moto.

Chaki: Moto kupita kiasi! Huku Buganda mwenye kibanja na mwenye hati wanakaa dawati moja. Ukithubutu, usimpe mtoto dhima ya nyumbani kwao, na wasome kwanza Sheria ya Ardhi ya 1998.

MwalimuMbale: Samahani: kidato cha 3, wanafunzi 46, kompyuta 12, simu haziruhusiwi.

Chaki: Ungesema mapema! Moodle ikae kwenye kompyuta moja, 11 ziunganishwe nayo kwa waya. Bando halihitajiki. Wanne kila kompyuta, dhima moja. Wawili wanaobaki wawe waangalizi. Kibodi ibadilishe mikono kila dakika 10.

DadaJinja: Kipindi cha mwisho wavue dhima: kila mmoja aandike kwa jina lake anachoamini, na hoja moja ya upande wa pili iliyomtikisa. Usikiruke hata muda ukibana.

Masaka_1: Umeme ukikatika?

MwalimuMbale: Hukatika. Acha nimuone mwalimu wa kompyuta kuhusu betri.