Kampuni zikigharimia utafiti CEDAT, matokeo yawe ya nani?

Mwanzisha mada
Wadau, hapa Kampala kuna wanaotaka CEDAT, koleji ya uhandisi ya Makerere, izifungulie kampuni milango: zilete fedha na vifaa, wahadhiri na wanafunzi wafanye utafiti, kisha zichukue matokeo. Hayo mawili ya mwanzo nayaunga mkono. La tatu nalikataa.

Sheria yetu ya Miliki ya Viwanda ya 2014 inampa haki ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, aliyeagiza kazi, mkataba usiposema vinginevyo. Kwa hiyo chuo kikinyamaza mezani, kimeshagawa haki hiyo. Kijana wa uzamili anahangaika na mradi, halafu tasnifu yake inafungiwa kwa kisingizio cha siri za biashara. Anayemfuata ataanzia wapi? Mshahara wa mhadhiri na umeme wa karakana vinatoka kwenye kodi pia. Kampuni haikulipia vyote.

Jibu
Ndugu, unawatisha wawekezaji bure. Kiira EV, gari la umeme lililobuniwa Makerere, ilipoendeshwa 2011 tulishangilia, na 2016 likaja basi la Kayoola lenye paneli za jua. Fedha nyingi zilikuwa za serikali, na safari ya kutoka gari la maonyesho hadi kiwanda cha Jinja imechukua miaka mingi mno. Vijana wangapi wana vifaa walivyobuni, vimelala karakanani kwa kukosa mnunuzi? Na kampuni gani itatoa hela ili mshindani wake asome matokeo maktaba?

Mwanzisha mada
La mshindani ni kweli, kaka. Uvumbuzi ukishatangazwa kabla ya kuombewa hataza unaweza usihesabiwe tena kuwa mpya. Basi kampuni ipewe muda, tuseme mwaka mmoja, iombe hataza, kisha tasnifu isomwe na yeyote. Na Kiira uliyoitaja inanipa nguvu: Makerere ina hisa ndani ya Kiira Motors, kampuni ya magari iliyotokana na mradi huo. Ni asilimia 4 tu, nyingine ni za serikali, lakini zimeandikwa. Kampuni binafsi nazo ziandike fungu la chuo.

Jibu
Nawauliza nyote wawili: mwanafunzi anasaini wapi? Mkataba ni wa kampuni na chuo, na hisa mnazozitaja ni za chuo. Yeye si mwajiriwa wa yeyote kati yao, tena analipa ada. Mimi niko mwaka wa nne, na ningependa kuuona mkataba kabla ya kuchagua mradi, si siku ya kukabidhi ripoti.