Mrejesho: Baiskeli kwenye njia za chai, Tigoni

Jamani, niliuliza niendeshee wapi baiskeli nje ya Nairobi bila kubanwa na malori, na kama tairi zangu nyembamba zingefaa. Asanteni sana mlionielekeza Tigoni. Jumamosi nilizunguka saa tatu kwenye njia za udongo na kokoto katikati ya chai, panda shuka, na nilikutana na wachumaji wenye vikapu mgongoni na trekta moja tu.

Tairi nilibadilisha, nikaweka za upana wa milimita 40. Aliyeniambia nipunguze upepo alisema kweli: gurudumu la mbele lilikuwa linarukaruka, nilipoutoa kidogo likashika njia. Ila udongo ule mwekundu ukilowa hunasa kwenye breki. Niliukwangua kwa kijiti. Bebeni koti, kule ni zaidi ya mita 2,000. Jumamosi ijayo narudi.