Nimelipia difu mbili, nimefungiwa moja. Gereji za 4x4 Dar mnatuchukuliaje?

Wakuu, leo natoa povu, mnisamehe mapema. Mods msiuhamishie uzi huu kule kwa "naomba fundi mzuri", sitafuti fundi. Nimelala saa tatu tu na mikono bado inanuka oili ya difu, lile bonge la meno katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye tairi.

Gari ni Hilux dabo kebini ya zamani, LN106, injini 3L (hilo ni jina lake, si lita tatu), ekseli ngumu mbele na nyuma, hub za mbele (vifungo vya kuunganisha tairi na ekseli) za kufunga kwa mkono. Mwaka jana nikavua zile tairi nyembamba za 205R16 nikavaa 285/75R16. Picha zilipendeza. Barabarani ikawa aibu. 3L isiyo na tabo ukiivalisha tairi ndefu namna ile ni kama kumtwisha mzee gunia. Mlima Kitonga nilipanda na gia namba mbili, lori la saruji likinipigia honi kwa nyuma, na gia ya tano ikabaki pambo. Halafu dashibodi ikaanza kunidanganya: inasoma 50, tochi ya trafiki inasoma 56. Bishana na tochi uone.

Dawa yake inajulikana: kubadili meno ya difu. Yangu ilikuwa na krauni (gia kubwa ya duara) ya meno 43 kwa pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10, yaani 4.30. Tairi zimeongezeka kimo kama asilimia 12. Ukifunga meno 39 kwa 8 unapata 4.88, umeongeza asilimia 13 na kidogo, kwa hiyo nguvu na spidi mita vyote vinarudi karibu palepale pa kiwandani. Hesabu ya darasa la saba hiyo. Sharti moja tu: ukibadili nyuma, na mbele ubadili. Huwezi kuwa na 4.88 nyuma na 4.30 mbele halafu ukavuta 4x4, kwa sababu transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) inazungusha propela (shafti ndefu za kwenda kwenye difu) zote mbili sawasawa, na kila tairi za nyuma zinapotaka kwenda mita 100, za mbele zinataka kwenda 113. Kuna kitu lazima kikatike.

Nikaagiza seti mbili za krauni na pinioni kutoka nje. Nikazipeleka kwa mkono wangu kwenye gereji moja ya watu wenye fulana zilizochapwa Land Cruiser mgongoni, lifti mbili, kahawa ya bure. Sitaji jina, nisije nikafungiwa uzi. Ufundi wakanichaji laki saba kwa difu zote mbili, siku nne. Nililipa bila kuomba punguzo kwa sababu niliamini nalipia utaalamu.

Siku ya kuchukua gari nikapewa kiroba chenye krauni mbili kuukuu na pinioni zake, "hizi hapa za zamani bosi, usije ukasema tumekuibia". Nikafurahi kweli. Nikasema hawa ndio watu.

Kilomita ya kwanza tu nyuma inalia. Ukiachia mafuta kwenye 70 inatoa sauti kama mbu wa Rufiji. Nikarudi. Fundi mkuu akaniambia ni mpya, itazoea. Wakuu, shikeni hili: meno ya difu yaliyopangwa vizuri hayalii hata siku ya kwanza. Yanayolia siku ya kwanza yataendelea kulia mpaka yapangwe upya au yafe. Na hakuna aliyeniambia kwamba meno mapya yanaendeshwa taratibu kilomita 30 hivi, unasimama yapoe, hubebi mzigo mzito wala kuvuta kitu kilomita 800 za mwanzo, halafu unamwaga oili. Mimi siku ya tatu nikapakia bati na saruji, nikaelekea Kibiti kisha barabara ya Mloka. Hapo na mimi nina kosa langu, silikatai.

Kwenye tope nikafunga hub, nikavuta 4x4, gari ikapita kama kawaida. Tope linasamehe, tairi zinateleza, tofauti ya meno huioni. Mbele kidogo udongo ukakauka, nikataka kurudisha liva ya 4x4. Haitoki. Usukani mzito, gari inajivuta kama ina breki. Nikaendelea mbele mita chache nikiivuta liva kwa mikono miwili, ikasikika PA! Kros (kiungo) ya propela ya mbele imekatika, na liva ikalegea yenyewe kama mwiko kwenye uji.

Jioni ile, nikiwa Mloka chini ya mwembe wa mwenyeji wangu, ndipo nikafanya kile nilichopaswa kufanya getini kwa gereji. Nawaachia hapa, hakihitaji fundi. Gia iwe huru, weka vizuizi, nyanyua tairi moja tu kwa jeki, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Mizunguko miwili, kwa sababu tairi la upande wa pili limesimama na difu inagawa nusu kwa nusu. Ukifanya mbele, hub iwe imefungwa. Nyuma nikapata karibu mara tano. Mbele nikapata nne na kama theluthi.

Mbele hawajagusa! Nikalala chini na tochi: nati za difu ya mbele zina kutu na vumbi la miaka, hakuna alama ya spana hata moja. Na sababu naijua. Nyuma unachomoa shafti mbili, unafungua propela, kichwa chote cha difu kinatoka. Mbele kwenye ekseli ngumu unavua hub, unavua nakoli (kiungo cha kukatia kona), siku nzima unaogelea kwenye grisi. Wakaona huyu na miwani yake hatajua.

Nyumbani nikamwaga kile kiroba nikahesabu meno. Krauni moja 43, ndiyo yangu ya nyuma. Ya pili 41. Hiyo haijawahi kuwa kwenye gari langu, ni ya mtu mwingine huko! Seti yangu ya pili iko wapi, kila mtu anaweza kujibu.

Nikafungua na nyuma. Oili ya kilomita mia tano na kitu ina rangi ya fedha. Na kwenye boksi walilonirudishia, ile bomba fupi ya chuma inayokaa kati ya beringi mbili za pinioni bado iko kwenye nailoni yake. Ile hubonyea mara moja tu unapokaza nati, haitumiki tena. Wao wamerudishia kuukuu na kukaza kwa bunduki ya upepo. Nikampigia fundi mkuu, nikamuuliza meno aliyaachia nafasi kiasi gani. Akajibu "tunasikilizia kwa mkono". Kitabu cha Toyota kwa difu hii kinataka milimita 0.13 hadi 0.18. Mkono gani huo unaosikia sehemu tano za mia za milimita? Laki saba nimemlipa fundi maiko mwenye fulana.

Sasa nawageukia wale wa "difu unafanya mwenyewe nyumbani, YouTube ipo". Na ninyi mnatuumiza. Kutoa na kurudisha, sawa. Kupanga meno ni kitu kingine. Shimu ya pinioni (pete nyembamba ya kurekebisha ilipokaa) imekaa nyuma ya beringi iliyobanwa. Unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unasoma alama iko juu au chini ya jino, unavua beringi kwa presi, unabadili shimu, unarudia. Mara tatu, mara nne. Bila presi, bila geji ya mshale (ya kupimia sehemu za milimita), utaua seti ya pesa nyingi kwenye sakafu ya sebule na mke atakuangalia tu.

Mimi nilifanya hivi. Mbele nilitafuta Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, kichwa kizima cha difu ya mtumba cha 4.88, kikiwa kama kilivyotoka kiwandani, hakijafunguliwa. Nikahesabu meno palepale dukani muuzaji akinung'unika. Mimi na shemeji tukakifunga wenyewe Jumamosi na nusu ya Jumapili, grisi mpaka kwenye nyusi. Kichwa cha nyuma nilikitoa mwenyewe, nikakipeleka mezani kwa mzee mmoja Morogoro mwenye geji yake ndani ya kisanduku cha mbao, nikamlipa kupanga tu, laki moja na nusu, nimekaa kwenye stuli naangalia. Akaona ile pinioni, akatikisa kichwa, beringi zote zikawekwa mpya na meno yakapangwa upya tangu mwanzo. Alinionyesha mshale kwenye 0.15 na alama ya rangi katikati ya jino kabla hajaniruhusu kupiga picha. Sasa hivi gari iko kimya, ndani nasikia saa ya dashibodi.

Kwa hiyo mtu akija hapa kuuliza gereji au mwenyewe, mimi namuuliza kwanza: hiyo gereji itakupa picha ya meno yakiwa na rangi, na namba ya geji, mbele na nyuma? Wakisema "tuamini bosi", ondoka na boksi zako.

Krauni ya meno 41 ninayo. Jumatatu saa mbili asubuhi naiweka mezani kwa yule bosi, karibu na kahawa yake ya bure, nimuulize ni ya gari la nani. Mwenye Hilux iliyotengenezwa pale mwaka huu, piga chaki kwenye propela yako kisha uje PM.