Mrejesho: zile brashi zangu za mekapu

Wapendwa, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama brashi zangu, zilizoganda faundesheni na kunijaza vipele mashavuni, bado zinafaa au nizitupe tu. Wengi mlisema shampuu ya mtoto na maji ya uvuguvugu, basi nimekuwa nikizifua kila Jumapili.

Ile ya faundesheni ilikuwa mbishi. Nikaipaka kwanza matone ya mafuta ya nazi, nikaisugua kiganjani, ndipo nikaweka shampuu. Maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa, aibu tupu! Nilisuuza mara nne mpaka yakawa meupe.

Kosa langu: mara ya kwanza nilizisimamisha kwenye kikombe zikiwa mbichi, nywele juu. Maji yakashuka kwenye gundi, moja ikang'oka kichwa. Sasa nazilaza juu ya taulo ukingoni mwa meza, nywele zikining'inia nje, hadi asubuhi.

Vipele vimepungua sana, ingawa pia niliacha kulala na mekapu, kwa hiyo siwezi kuzipa brashi sifa zote. Sponji nimeitupa, ndani ilishaota ukungu. Na dada uliyesema nizichemshe, hapana jamani, gundi ingeyeyuka yote.