Saiti gani nzuri za kujifunza mambo ya Wayahudi? Nina wageni mwezi wa saba

Mpishi_wa_Kambi:
Wakuu heshima kwenu. Napika kwenye kambi ya watalii Serengeti, bosi kasema mwezi wa saba tunapokea familia ya Kiyahudi kutoka Marekani, watu tisa na dini wameishika kwelikweli. Nimeingia YouTube nikakuta watu wanabishana siasa za Israeli mwanzo mwisho, mi siasa sitaki, nataka kujua wanakula nini, Sabato yao inaanza saa ngapi na nisije nikawaudhi. Menyu nimeshapanga, siku ya kwanza mbuzi choma. Kuna saiti za kuaminika?

dogo_wa_Kirumba:
Si kama halali tu mkuu? Chukua nyama bucha ya Waislamu umemaliza

BintiLikoni:
@dogo_wa_Kirumba la, si kama halali. Ngamia kwetu twala, kwao mwiko. Kamba, pweza, kambare kwa vile hana magamba, vyote hawagusi. Na nyama haichanganywi na maziwa, hata sufuria zake ni mbali mbali. Ila siku yao yaingia magharibi kama yetu sisi, kwa hiyo Sabato ni Ijumaa jioni mpaka Jumamosi usiku.

Gaidi254:
Buda mimi ni tour guide, hawa watu nimewabeba sana. Anza na Hebcal, hiyo ni kalenda, unaandika jina la mji inakupa sikukuu zote na saa ya kuwasha mishumaa ya Sabato, kawaida dakika 18 kabla jua kuzama. Wakishawasha hawashiki simu wala gari, so usipange game drive Jumamosi!! Ya chakula na maswali madogo madogo ingia Chabad.org, imejaa majibu, lakini ujue wenyewe ni Wahasidi, kundi la Wayahudi walioshika dini sana, wanakujibu kwa msimamo wao mkali. My Jewish Learning inakueleza Waorthodox, wale wanaofuata sheria za zamani, wanafanya hivi, Wareform, wale wa kisasa, vile, mi naipenda zaidi coz kila familia iko na yake. Sefaria ni maandiko yenyewe, Torati, halafu Mishna na Talmud, yaani sheria na mijadala ya marabi wa kale, kwa Kiebrania na Kiingereza, bure kabisa. Kuna mzee nilimbeba Mara, kila asubuhi kabla ya chai anafungua simu asome ukurasa mmoja wa Talmud, kumbe Wayahudi dunia nzima wanasoma ukurasa huo huo siku hiyo, wameanza 1923, kurasa 2,711, kumaliza ni miaka saba na nusu. Nilichoka.

Mama_Bungoma:
Na msidhani ni watu wa mbali. Nairobi sinagogi iko tangu enzi za mkoloni, na ukivuka tu hapo Mbale Uganda kuna Abayudaya, Waafrika kama sisi, walianza 1919 na Semei Kakungulu. Ukisoma habari zao utaona Uyahudi ambao si wa Ulaya wala Marekani.

Mpishi_wa_Kambi:
Jamani asanteni. Nimeingia hiyo Hebcal na tarehe za wageni, nikakuta kitu kinaitwa Tisha B'Av, nikahamia My Jewish Learning, kumbe ni siku ya kufunga, wanaomboleza Hekalu la Yerusalemu kubomolewa, na siku tisa za kuelekea hapo wengi wao hawali nyama isipokuwa Sabato. Wageni wangu wanatua katikati ya hizo siku tisa!!! Na mimi na mbuzi wangu choma 😂

Gaidi254:
😂😂 Waandikie email kabla uwaulize wenyewe. Na usishangae wakija na sufuria zao, hizo zako zimeshapika nguruwe

BintiLikoni:
Samaki waruhusiwa siku hizo. Tafuta sato mzima, na usimpare magamba mpaka wenyewe wamuone.