Naomba ushauri: mbio za ramani na dira, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi ujao nashiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya mbio za ramani na dira (unakimbia kutafuta vituo vilivyowekwa porini) huku kwetu Wete. Pumzi ninayo. Kinachonitesa ni ramani ya kipimo cha 1:10,000: nyeupe ndiyo msitu unaopitika, kijani kichaka kizito, na mimi nikiona nyeupe akili inaniambia uwanja. Juzi mazoezini nilitoka kituo cha 3, nikashuka bonde kwenye mikarafuu, nikatokea mashamba ya mpunga. Dakika 40 zimepotea, iliniuma sana. Je, nikate moja kwa moja kwa dira au nifuate vijia hata vikizunguka? Na hatua za kupimia umbali mnazihesabu vipi kwenye vilima vyetu hivi? Wazoefu, nisaidieni tafadhali.