Mafundi wa boti Mtwara, hicho mnachofunga si kirekodi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kuanzia Mtwara na Mikindani mpaka Lindi boti zinafungwa GPS, kipima kina na AIS (redio inayoonyesha meli zilizo jirani) kwa hela nyingi, halafu fundi anamalizia na kirekodi cha kuhifadhi vipimo hivyo ambacho faili lake halimsaidii mtu.

Tuanze na saa. Raspberry Pi 4 na za nyuma yake, zile kompyuta ndogo mnazozifanya kirekodi, hazina saa yenye betri. Ikizimwa, ikaja kuwashwa baharini bila intaneti, inaendelea na saa ya uongo, na fundi anaibandika hiyohiyo kwenye kila kipimo cha kina! Bamvua la huku linapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukikosea masaa matatu tu, umeshapotea mita moja na nusu hivi, na mwamba haukusubiri. Saa ya kweli imo kwenye mstari wa RMC unaotoka GPS (wenye saa, tarehe na mahali), nayo ni UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa masaa 3: 061522 ni saa tatu na robo asubuhi kwetu, si saa kumi na mbili na robo. Hifadhini UTC kama ilivyo, kujumlisha 3 tutajumlisha wenyewe.

Mahali napo ni vichekesho. GPS ikiandika 1016.20,S ni nyuzi 10 na dakika 16.20, yaani 10.27 kusini. Fundi anasogeza nukta, anapata 10.162, boti imeruka kilomita 12 kaskazini. Mwingine anatupa ile S, boti ya Mtwara inavua Ethiopia.

Halafu huu ulafi wa kusukumia kila kitu kwenye waya mmoja. NMEA 0183, lugha ya vyombo hivi kwenye waya, kwa kawaida ni biti 4800 kwa sekunde, sawa na herufi 480. Mstari mmoja unafika herufi 82, kwa hiyo mistari sita mirefu haienei kwenye sekunde moja. AIS inakuja kwa 38400. Ukiichomeka humo, mistari inakatika katikati na ile hesabu ya uhakiki mwishoni, baada ya alama ya nyota (*), haikubali. AIS ipewe mlango wake. Na msichuje kitu, hifadhini mistari mibichi yote: hata waya wa 4800 ukijaa masaa 24 mazima ni MB 41 tu. Mnabania nini?

Umeme: mnauchukua swichi ya injini, starta ikivuta volti zinaanguka, Pi inazima ikiwa inaandika, kadi yake ya kumbukumbu inaharibika. Vuteni kwenye betri ya vyombo, fyuzi iwe karibu na betri.

Mwisho, transdyusa, kile kihisio cha kipima kina chini ya boti. Mstari wa DBT unatoa kina kuanzia pale transdyusa ilipo, si usawa wa maji. Mstari wa DPT una nafasi ya kujaza tofauti hiyo, nyie mnaacha 0.0. Futi kamba bei gani jamani?